BANDA LA FARASI NA UWANJA WA KUPANDIA
Mambo ya Kupanga Kabla Tofali la Kwanza Halijawekwa

Mtu anapojijengea nyumba hufikiri haja zake mwenyewe: joto wakati wa baridi, milango ya kufunga, ghala karibu na jiko. Lakini anapojenga banda la farasi yampasa aweke haja hizo kando na kufikiri haja za mnyama. Maana nyumba iliyofungwa vizuri, yenye sakafu laini, na chakula cha mwezi mzima chini ya paa lile lile, humpendeza sana binadamu. Farasi humletea kikohozi, mguu uliovunjika, au kifo cha moto. Maradhi na ajali nyingi za farasi chanzo chake ni fundi na bwana shamba waliojenga bila kuuliza.

Farasi si mnyama wa watu wengi katika Kenya, lakini yumo. Uwanja wa mashindano wa Ngong Road, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1954. Tena yako mashamba ya kuzalisha farasi, viwanja vya polo, na shule zinazofundisha watoto kupanda. Mahali pote hapo kazi hutegemea mafundi, masaisi na wasimamizi, na farasi akifa usiku wao ndio huulizwa asubuhi. Basi yafaa wajue sababu ya kila kipimo, wala si kipimo peke yake. Mfano wetu utakuwa banda la farasi 8 katika nyanda za juu, pamoja na uwanja wa kufundishia.

MFAHAMU KWANZA ATAKAYEKAA HUMO

Yako mambo manne yaliyo msingi wa yote yafuatayo. La kwanza, farasi akiwa malishoni hula kidogo kidogo, pengine saa 16 katika saa 24. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, na hawezi kutapika. Akila vibaya, kilichoingia hakirudi, naye hushikwa na msokoto wa tumbo ambao huweza kumwua. La pili, hupumua kwa pua tu, hawezi kupumua kwa kinywa kama sisi, na mapafu yake hudhurika upesi kwa vumbi na kwa harufu kali ya mkojo. La tatu, ni mnyama wa kukimbia hatari: akishtuka hatazami mbele, na uzito wake ni kilo 450 au 500. La nne, ni mnyama wa kundi. Akifungiwa peke yake asione mwenzake huhangaika, hutafuna mbao, na kuzunguka mchana kutwa.

Kwa hiyo banda bora si lile la kumfungia farasi siku zote. Ni mahali pa kumkinga, kumlisha na kumtunza, penye kiwanja cha malisho karibu ambako atatoka kila siku.

MAHALI PA KUJENGA

Chagua mahali palipoinuka, penye mteremko mdogo, ili maji ya mvua yaondoke yenyewe. Usijenge bondeni wala kando ya kinamasi, hata kama ardhi huko ni ya bei nafuu. Tazama udongo pia. Udongo mwekundu, kama ule wa upande wa Karen na Kikuyu, hupitisha maji na kushika msingi vizuri. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Athi, huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Anayejenga juu yake bila kuuchimbua na kujaza mawe ataona nyufa ukutani kabla ya miaka mingi kupita, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha fikiri juu ya jua na upepo. Katika Kenya jua huchomoza karibu sawasawa mashariki na kuzama magharibi mwaka mzima. Ukilaza banda kwa urefu kutoka mashariki hata magharibi, jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta fupi tu, na vyumba hubaki na ubaridi. Upepo katika nyanda karibu na Nairobi hutoka zaidi upande wa mashariki. Basi milango ya vyumba isielekee huko, mvua isije ikaingia ndani.

Neno jingine ni miti. Kivuli ni kizuri, lakini si kila mti ni rafiki. Majani na matunda ya mparachichi yana sumu kwa farasi, nao ni mti upatikanao katika viwanja vingi. Uondoe, au uweke ua mbali nao kiasi ambacho farasi hawezi kufikisha kinywa.

SAFU MOJA AU NJIA YA KATI

Ziko namna mbili za kujenga. Ya kwanza ni safu moja ya vyumba vinavyofunguka nje, chini ya upenu mpana. Kila farasi ana hewa yake, mmoja akiugua si rahisi kuwaambukiza wote, na moto ukitokea kila mlango unafungukia uwanjani. Ya pili ni banda moja lenye safu mbili zinazotazamana, na njia katikati. Hili humpunguzia mjenzi kuta na paa, saisi hufanya kazi bila kulowa mvua, tena ni rahisi kulizungushia kimia cha kuzuia wadudu. Lakini hewa yake ni moja kwa farasi wote, na moto au kikohozi husafiri upesi.

Atakayechagua njia ya kati na aifanye pana, isipungue mita 3.6, ili farasi wawili waweze kupishana na mmoja kugeuzwa. Iwe na milango mipana pande zote mbili, wala pasiwe na upande uliozibwa. Toroli, mafagio na matandiko visiwekwe njiani. Katika hali zote mbili tenga chumba kimoja mbali na vingine, chenye ndoo na uma wake, kwa ajili ya farasi mgeni au mgonjwa. Chumba hicho huonekana hasara mpaka siku moja ya haja.

CHUMBA CHA FARASI MMOJA

Farasi wa kimo cha kawaida atosheka na chumba cha mita 3.65 kwa mita 3.65, yaani futi 12 kwa 12. Farasi mdogo wa watoto aweza kukaa katika mita 3 kwa mita 3. Farasi jike anayekaribia kuzaa apewe mita 4.25 kila upande au zaidi. Vipimo hivi si anasa. Farasi hulala, na hujiviringisha. Chumba kikiwa chembamba miguu yake hukwama ukutani, asiweze kuinuka, akapigana na ukuta mpaka akajivunja.

Mlango uwe na upana wa mita 1.25 na kimo cha mita 2.4. Ukiwa mwembamba, farasi hugonga nyonga zake apitapo, na toka siku ile ataruka mbio kila aonapo mlango, akimbana saisi kwenye mwimo. Mlango ufunguke kwa nje au uteleze pembeni. Usifunguke kwa ndani kamwe, kwa kuwa farasi akilala nyuma yake hutaweza kuingia kumwokoa. Wenye vipande viwili ni bora, kwa maana kipande cha juu huachwa wazi apate hewa na kuona wenzake. Kipande cha chini kiwe na makomeo mawili, moja juu na moja chini, kwani farasi wengine hujifunza kufungua la juu kwa midomo.

Kuta zifunikwe kwa mbao nene hata kimo cha mita 1.2 au 1.5, zipate kustahimili mateke. Nondo za juu zisiachane zaidi ya sentimita 7, ukwato usipite. Misumari yote ipigwe mpaka izame, na kipande cha bati kisiachwe ncha wazi. Farasi hushikwa upesi sana na pepopunda, na kidonda kidogo chatosha. Pete ya kumfungia ikazwe ukutani usawa wa jicho lake, na kamba isifungwe katika pete yenyewe bali katika kitanzi cha uzi wa katani. Farasi akishtuka na kuvuta, uzi ukatike kabla ya shingo yake kuumia.

Juu ya sakafu watu wameshauriana tangu zamani. Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuonya kwamba sakafu laini yenye unyevu huharibu hata kwato njema. Alitaka sakafu iwe na mteremko, ikatandikwe mawe yenye ukubwa wa kwato. Na zizi liwe mahali ambapo mwenyewe atamwona farasi wake mara kwa mara. Siku hizi twatumia changarawe nyekundu iliyoshindiliwa, au saruji iliyokwaruzwa isiteleze na kufunikwa mikeka ya mpira. Mteremko wa sentimita 6 kutoka ukuta wa nyuma hata mlangoni watosha. Juu yake tandika maranda au nyasi kavu zisizo na vumbi, kwa unene wa kutosha hata farasi akilala asiguse sakafu.

HEWA NA PAA

Watu wengi huogopa baridi kwa niaba ya farasi wao. Lakini farasi mwenye afya, aliye mkavu na mwenye chakula, huvumilia baridi ya nyanda za juu pasipo taabu. Asichovumilia ni hewa iliyooza. Mkojo ukikaa katika matandiko hutoa amonia, na hewa hiyo huwa kali zaidi karibu na sakafu, pale pale ambapo mtoto wa farasi hulala. Kipimo chake ni rahisi. Ingia asubuhi, uchutame, uvute pumzi. Ukiwashwa macho na pua, banda hilo halipati hewa.

Basi paa liwe juu: kwenye penu lisipungue mita 3. Acha nafasi wazi chini ya penu kwa urefu wote wa ukuta, na nafasi nyingine kwenye mgongo wa paa, iliyofunikwa kofia ya bati. Hewa ya joto itapanda na kutoka juu, na hewa safi itaingia chini yake bila kumpiga farasi mwilini. Mabati peke yake huwa tanuri mchana na ngoma wakati wa mvua. Dari ya mbao au ya kitu kingine kizuiacho joto hupunguza mambo yote mawili. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, kwa sababu panya huzitafuna na farasi pia. Na taa ziwe juu, ndani ya vikinga vya waya.

USUBI NA UGONJWA WA FARASI

Hapa ndipo banda la Afrika linapotofautiana na michoro ya vitabu vya Ulaya. Ugonjwa wa Farasi wa Afrika huletwa na virusi, na wachukuzi wake ni usubi, wadudu wadogo wenye urefu wa milimita 1 hadi 3. Katika farasi wasio na kinga, ugonjwa huu huweza kuua 9 katika kila 10. Punda milia huwa na virusi hivyo mwilini pasipo kuonyesha dalili. Dunia imejifunza jambo hili kwa gharama kubwa: kati ya mwaka 1959 na 1961 ugonjwa ulivuka mpaka nchi za Mashariki ya Kati na Asia na kuua farasi, nyumbu na punda zaidi ya 300,000, mwaka 1987 uliingia Hispania pamoja na punda milia waliotoka Namibia, na mwaka 2020 ulizuka Thailand.

Chanjo ipo, nayo hutolewa kwa shauri la daktari wa mifugo. Lakini jengo nalo ni kinga. Usubi huuma hasa tangu magharibi mpaka alfajiri. Kwa hiyo farasi waingizwe kabla jua halijazama na kutolewa jua likiisha kuchomoza, hasa baada ya mvua za masika na za vuli. Nafasi za hewa na milango zifunikwe kimia chenye matundu madogo sana. Kimia cha kawaida cha mbu huweza kumpitisha usubi, isipokuwa kimetiwa dawa. Usubi huruka kwa udhaifu, basi pepeo la umeme lililowekwa juu, mbali na kinywa cha farasi, humsumbua mno. Na kwa kuwa huzaliana katika tope lenye samadi, bomba linalovuja kando ya birika si jambo dogo. Ni kiwanda cha maradhi karibu na mlango.

GHALA, MOTO NA SUMU

Majani makavu ndiyo maisha ya farasi, nayo ndiyo hatari yake kubwa. Yakifungwa marobota yakiwa bado na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, hupata joto yenyewe kwa ndani, na baada ya siku kadhaa au majuma machache huweza kuwaka pasipo mtu kuwasha. Kwa hiyo ghala la majani lijengwe peke yake, mita 30 kutoka bandani ikiwezekana, na bandani yawekwe ya siku moja au mbili tu. Sigara zipigwe marufuku kwa wote, mwenye shamba akiwa wa kwanza kutii. Hatamu ya kuongozea itundikwe nje ya kila mlango, kwa sababu usiku wa moto hapana nafasi ya kutafuta. Farasi atolewaye motoni afungiwe mbali au atiwe katika kiwanja chenye lango. Akiachwa huru huweza kurudi mbio bandani, kwa maana hapo ndipo ajuapo kuwa nyumbani.

Ghala la nafaka liwe na sakafu ya saruji, mapipa yenye vifuniko, na mlango wenye kufuli, kwani farasi akiingia usiku atakula mpaka ajiue. Vyakula vya ng'ombe na kuku visiwekwe humo hata kidogo. Dawa iitwayo monensini, ambayo hutiwa katika baadhi ya vyakula hivyo, huua farasi kwa kiasi kidogo sana kwa kudhuru moyo wake. Na mahindi yenye ukungu yasitolewe kwa farasi kwa kuona huruma ya kuyatupa, maana ukungu wa namna nyingine huleta sumu inayoharibu ubongo.

HESABU YA MAJI, CHAKULA NA SAMADI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuwapigie hesabu farasi wetu 8. Kila mmoja hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku, na zaidi akifanya kazi juani. Tukichukua lita 40, ni lita 320 kila siku bila kuosha kitu. Paa la banda lenye vyumba vinne kila upande, pamoja na penu zake, laweza kufunika mita 17 kwa mita 13.3, yaani mita 226 za eneo. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu yake, mabirika yaweza kupata zaidi ya lita 5,600, kiasi cha kunywesha wote siku 17. Asiyeweka mchirizi wa paa anamwaga mali yake na kujiletea tope mlangoni.

Farasi wa kilo 450 hutaka kilo 9 hivi za majani makavu kwa siku. Kwa farasi 8 ni kilo 72, na kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 2,160. Robota likiwa la kilo 15, ghala lazima lishike marobota 144 kwa kila mwezi wa kiangazi. Na kwa kuwa kila farasi hutoa kilo 20 au zaidi za samadi kila siku, mbali na matandiko machafu, tani nzima hupatikana katika siku 6 au 7. Basi shimo au kizimba cha samadi kipangwe tangu mwanzo: upande wa chini wa mteremko, mahali ambapo upepo hauleti harufu bandani, mbali na kisima. Lundo likitunzwa vizuri hupata joto la ndani linaloua mayai ya minyoo, na wakulima wa mboga hulitaka.

UWANJA WA KUPANDIA

Uwanja wa kufundishia ni wa mita 20 kwa 40. Wa mashindano makubwa ni mita 20 kwa 60. Kwa mtoto anayeanza, au farasi mchanga, kizimba cha mviringo chenye kipenyo cha mita 18 chafaa zaidi. Uwanja huu uulaze kutoka kaskazini hata kusini, kinyume cha banda. Watu hupanda farasi asubuhi na jioni, na jua lililo chini likimpiga mpandaji machoni akienda kwenye upande mrefu hawezi kuona aendako.

Uzuri wa uwanja uko chini yake. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, tengeneza mteremko mdogo wa asilimia 1 hivi, chimba mifereji pembeni, jaza mawe, na shindilia kokoto mpaka zikaze. Mwisho tandaza mchanga ulioshwa wa sentimita 5 hadi 8. Pupa ya mchanga ndiyo kosa kubwa: ukiwa mzito sana, farasi huvuta miguu kama atembeaye ufuoni, na kano zake huumia. Ni afadhali kuongeza baadaye kuliko kuchota. Mchanga unyunyiziwe maji wakati wa kiangazi, kwa mapafu ya farasi na ya mwalimu.

Ua wa uwanja uwe wa mbao, wenye kimo cha mita 1.2 au zaidi, nguzo zikiwa upande wa nje ili goti la mpandaji lisigonge. Seng'enge yenye miiba isitumike popote farasi alipo. Lango lifungwe wakati wote wa mafunzo, na pembeni pawe na kipandio cha ngazi mbili au tatu, kinachopunguza maumivu ya mgongo wa farasi na haya ya anayeanza.

KABLA HUJAMLIPA FUNDI

Zunguka mwenyewe ukakague mambo haya:

1. Pitisha kiganja juu ya kuta na milango yote. Kinachokwaruza mkono kitapasua ngozi ya farasi.
2. Mwaga ndoo ya maji nyuma ya kila chumba. Yasipofika mlangoni, sakafu ifanywe upya.
3. Fungua kila mlango kwa mkono mmoja, kama mtu anayeongoza farasi.
4. Ingia usiku na taa ndani, utazame kama kimia kina tundu au pengo.
5. Hesabu dakika za kuwatoa farasi wote nje. Kama ni nyingi, milango au njia haikupangwa vema.
6. Muulize saisi, maana yeye ndiye atakayefanya kazi humo kila siku. Chumba chake kiwe karibu, kikavu na chenye hewa, ili asikie farasi akigonga ukuta saa nane za usiku.

Anayejenga hivi hatakuwa na banda la fahari kuliko yote wilayani, na pengine jirani atamcheka kwa kuacha nafasi wazi chini ya paa. Lakini farasi wake watalala wakavu, watapumua vizuri, na mtoto atakayekuja kujifunza ataletewa mnyama mzima, mtulivu, asiyeogopa mlango.